Ngozi Isiyosikia Moto

Kosa langu kubwa kuliko yote katika miaka thelathini na moja ya chumba cha upasuaji sikulifanya chini ya ile taa kubwa, nikiwa nimevaa glovu. Nililifanya nimekaa mezani, na kalamu mkononi na kikombe cha chai pembeni. Nalieleza kwa ajili yenu mlioanza kazi hii juzi, na nyinyi mnaosomea uuguzi mkidhani hatari zote ziko kwenye kisu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa mkata mkonge. Baba alitoka bara kuja kufanya kazi shambani, akazikwa hukuhuku Tanga. Niliingia hospitali nikiwa mhudumu. Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka ya upasuaji na kusugua buti nyeupe za madaktari. Vitabu walivyovitupa niliviokota. Kimoja kilikuwa hakina jalada wala sura tatu za mwanzo, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijua namna ya kufunga kidonda bila kujua namna ya kukifungua.

Aliyenikuta nikisoma alikuwa Sista Anjela, mkuu wa chumba chetu, mama wa Kilutheri kutoka milima ya Lushoto, mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

“Felista, unasoma au unatazama picha?”

“Nasoma, sista.”

“Haya, nisomee.”

Nikamsomea. Akasema natamka kama mtu anayetafuna muwa, ila maana nimeipata. Mwezi uliofuata akaniruhusu kupanga vyombo mezani, na miaka kadhaa baadaye akanisukuma niende chuo cha uuguzi, ambako nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko mwalimu wangu wa anatomia. Alinifunza mengi. Moja alilirudia hadi tukalichoka: jambo likiharibika, usianze kwa kuuliza ni nani. Uliza mkono ulifanya nini.

Sasa niwaambie kuhusu Bi Salha.

Alikuwa rika langu, mwanamke wa Raskazone ambaye mababu zake walitoka Omani. Alipika udi nyumbani kwake, kwa sukari, miski na marashi, akawauzia watu wenye harusi. Alipoingia kliniki, harufu ilitangulia kukaa kitini. Saratani ilimfanya akatwe titi la kushoto huko Dar es Salaam. Akapigwa mionzi, kisha akawekewa kifuko cha silikoni ili kifua kirudi kuwa na umbo. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wa pili, titi likaanza kuwa gumu.

Elezeni jambo hili kwa wagonjwa wenu kwa maneno mepesi, maana wengi hudhani kifuko kimeoza. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia ganda la kovu. Kwa wengi ganda hilo ni jembamba kama ngozi ya kitunguu na halina shida. Kwa wengine, hasa waliopigwa mionzi, linakuwa nene, linajikunyata na kukibana kifuko kama ngumi. Titi la Bi Salha lilikuwa duara na gumu kama danzi, na lilikuwa limepanda karibu na mfupa wa mtulinga, chini ya shingo. Akilalia ubavu wa kushoto, maumivu yalimwamsha. Mkono haukuinuka kupita bega.

“Sista,” aliniambia siku ya kwanza, “huyu wa kulia anakaa uwani, na huyu wa kushoto kahamia ghorofani.”

Bingwa aliyeshughulika na kazi hizi alikuwa Daktari Nuhu. Alikuja kwetu kutoka Dar kila baada ya miezi mitatu na kukaa wiki moja. Mtu mwembamba, hana maneno, na futi kamba ya fundi cherehani haikumtoka mfukoni. Kwake nilijifunza kwamba michoro yote huchorwa mgonjwa akiwa amesimama. “Akilala, mwili unadanganya,” alisema. Ukimchora amelala utampa matiti mazuri ya kulalia, naye siku nzima anatembea.

Kwake pia nilijifunza kwa aibu. Safari yangu ya kwanza kumsaidia, kabla hata sijamjua Bi Salha, nilitaka nionekane mwepesi. Nikafungua boksi la kifuko mapema na kukiweka mezani kinang'aa. Daktari akakitazama, akaendelea kuzuia damu kwa muda mrefu, kifuko kimekaa wazi kinakusanya vumbi la chumba kizima. Alipomaliza alisema, “Lete kingine.” Bahati kilikuwepo cha ukubwa uleule. Tangu hapo utaratibu wangu haukubadilika: nafasi mwilini imeoshwa, damu imekauka, mikono imevishwa glovu mpya, ndipo boksi linafunguliwa, na kifuko kinashikwa na mtu mmoja tu. Wadudu wachache wasioonekana wanatosha kuliharibu titi baada ya mwaka, wakati hakuna anayekumbuka nani aligusa nini.

Upasuaji wa kwanza wa Bi Salha hapa Tanga ulikuwa wa kulitoa lile ganda. Daktari Nuhu alipita katika kovu la zamani, akalichuna ganda kipande kwa kipande, lilikuwa nene kama ganda la chungwa. Akakishusha chumba cha kifuko mahali panapostahili na kuweka kifuko kipya. Siku ya tatu Bi Salha alijitazama kwenye kioo cha wodi, akasema, “Karudi uwani.” Tulicheka wote.

Kisha ikaja zamu yangu na karatasi yangu.

Mimi ndiye niliyeandika ushauri wa kumpa mgonjwa wa titi anapotoka wodini. Niliuandika mwenyewe, na niliuonea fahari. Nilikuwa nimetafsiri kutoka kitabu cha kigeni, sentensi kwa sentensi, kwa kamusi. Kipengele cha saba kilisema: usitumie blanketi la umeme kifuani. Naomba mkumbuke kwamba naandika habari za Tanga, ambako mwezi wa pili ukuta wenyewe unatoka jasho.

Nilipomsomea Bi Salha, alinitazama juu ya miwani. “Blanketi la umeme? Sista, nani kakwambia mimi nalala Ulaya?”

Nikacheka. Tukacheka pamoja. Nikaenda kipengele cha nane.

Hapo ndipo nilipokosea. Mgonjwa alikuwa ameniambia waziwazi kwamba karatasi yangu haikuandikwa kwa ajili yake, nami nikachukulia ni mzaha. Hata nilijisifu kwa sababu niliongeza kwa mkono wangu kwamba asikandwe kwa maji ya moto. Nilijua shangazi yake, Bi Mwanakombo, amewakanda wanawake wote wa ukoo ule waliojifungua, kila mmoja siku arobaini, na asingevumilia kumwona mtu katoka hospitali bila kumkanda. Shangazi alikubali kwa kinyongo. Nikadhani mlango wa moto nimeufunga.

Wiki ya tisa Bi Salha akarudi.

“Sista, kuna doa,” alisema. “Haliumi.”

Upande wa chini wa titi palikuwa na alama ya ukubwa wa yai la kuku, kahawia iliyokolea, kavu kama ngozi ya kiatu. Katikati palianza kulainika. Yeyote aliyewahi kufanya kazi wodi ya majeruhi angejua kuwa ni kuungua. Muuguzi mwenzangu hakupoteza muda.

“Umejimwagia maji ya moto, unatuficha.”

“Mimi mtu mzima,” Bi Salha akajibu. “Nikiungua nitajua.”

Aliamini anachosema, nami niliona kwamba anaamini. Nikamkumbuka Sista Anjela. Nikamtoa mwenzangu chumbani kwa adabu, nikafunga mlango.

“Bi Salha, hebu nionyeshe siku yako. Toka unapoamka. Usinisimulie, nionyeshe kwa mikono.”

Akasimama. Akanionyesha anavyotawadha, anavyomimina chai, anavyokunja kitanda. Akaonyesha anavyooga. Kisha akaitanua kanga kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaingia ndani yake umeshika kitu kisichokuwepo, ukakipitisha kwapani, ukakileta kifuani, ukakaa hapo.

“Hicho ni nini?”

“Chetezo. Najifukiza. Nitatokaje nyumbani sijajifukiza, na mimi ndiye muuza udi?”

“Unajuaje kama kimekaribia sana?”

“Nasikia joto,” akagusa titi la kulia. “Likizidi, naondoa.”

“Na upande huu mwingine?”

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Aliuteremsha polepole.

“Upande huu sisikii kitu, Sista. Toka Dar.”

Hilo ndilo jambo, vijana. Titi linapokatwa, mishipa midogo inayopeleka habari kwenye ubongo hukatwa nayo. Ngozi inabaki hai, ina damu, ina rangi, lakini ni kiziwi. Ukiikaribisha kwenye makaa haitapiga kelele. Juu ya hapo, ngozi ile ilikuwa imechoshwa na mionzi, na nyuma yake hapakuwa na nyama ya kuchukua joto na kulisambaza. Palikuwa na kifuko. Na kila mwanamke wa pwani hii ana chetezo. Nilizaliwa hapa, nikaona vyetezo maishani mwangu vingi kuliko vipima joto, na nikaandika habari za blanketi.

“Kosa ni langu,” nikamwambia. “Karatasi yangu haikutaja chetezo.”

“Ilitaja blanketi,” akasema. Hakucheka. Akajifunga kanga yake, akaongeza, “Shangazi asijue ni udi. Atasema alinikataza biashara hii mapema.”

Nilimpigia simu Daktari Nuhu saa ileile, naye akaja kabla ya zamu yake. Lakini ngozi iliyokufa haingoji daktari. Katikati ya lile doa palifunguka, na kifuko kikaonekana kama jicho. Hapakuwa na la kujadili. Kifuko kilichoona hewa hutolewa. Daktari alikitoa, akaosha, akafunga. Bi Salha akaenda nyumbani na kifua bapa upande mmoja, na mimi nikaenda nyumbani Chumbageni na ile karatasi kwenye mkoba, nimeikunja mara nne.

Miezi sita tulimwacha apone. Kisha Daktari Nuhu akamwita yeye na shangazi yake, akawaeleza bila kupamba. Anaweza kubaki alivyo, mzima, bila kisu tena. Wengi huchagua hivyo na hawajutii. Au achukuliwe msuli wa mgongoni, pamoja na kipande cha ngozi yake, uletwe mbele kwa kupitishwa chini ya kwapa, na kifuko kidogo kiwekwe nyuma yake. Msuli una damu yake mwenyewe. Haujaguswa na mionzi.

“Ila hii ndiyo mara ya mwisho,” alisema. “Ngozi ya kifua imechoka. Msuli huu ukifa, sina kitu kingine cha kukuwekea.”

Shangazi Mwanakombo aligeuza uso. “Si aache tu, daktari? Ana miaka arobaini na saba. Anamnyonyesha nani?”

“Shangazi,” Bi Salha akasema taratibu, “na wewe una meno ya bandia. Unamng'ata nani?”

Daktari Nuhu alijifanya anatafuta kitu kwenye faili. Bi Salha akamgeukia. “Nimelala kwenye meza yenu na ya wenzenu, na mara mbili nimeamka nimepungukiwa. Safari hii nataka niamke na kitu. Kisiponusurika, basi, nitajua nilijaribu.”

Daktari akafungua kalenda, na kuanzia pale tulikuwa na wiki tano.

Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kwake Raskazone, Jumamosi asubuhi, na daftari tupu. Nilimwamkia shangazi, akaniitikia marahaba ya mbali. Nikamwambia Bi Salha, “Nitembeze nyumba nzima. Kila kitu chenye moto, nitajie.” Nilitarajia vitatu. Yeye alitaja chetezo, jiko la mkaa ambalo mtu huliinamia akilipuliza, pasi, na sufuria ya sukari ya udi inayoruka ikichemka. Shangazi alitufuata nyuma mpaka tulipofika jikoni, hapo akashindwa kuvumilia.

“Na chupa ya chai? Ukipeleka chai msibani unaibeba vipi?”

Akaichukua, akaikumbatia kifuani. Kifuniko kilikuwa kinavuja mvuke.

“Na sinia la pilau,” akaendelea. “Linaegemezwa wapi? Na beseni la maji ya kukandia, kabla halijafika kwa mzazi? Mnatuuliza mambo ya vitabuni, hamtuulizi tunabeba nini.”

Tulipomaliza, vilikuwa kumi na moja. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye kitabu changu. Shangazi ndiye aliyetaja vitano.

Jambo la pili nalisisitiza sana, kwa sababu halihitaji chombo chochote cha thamani. Chukueni pamba, muisokote iwe na ncha. Mgonjwa afumbe macho, aseme kila anaposikia kuguswa. Gusa ngozi kuanzia mahali panaposikia, sogea kidogo kidogo, na kila anaponyamaza weka nukta ya wino. Ukiunganisha nukta unapata ramani ya ngozi kiziwi. Mpe kioo aione. Bi Salha alidhani ganzi yake ni ya kiganja kimoja. Ramani ilikwenda mpaka kwapani na kushuka ubavuni. Alijitazama, akasema, “Kumbe nina mpangaji asiyeitika hodi.” Tukakubaliana kwamba kila joto lazima lipimwe kwanza kwa ndani ya kiwiko cha kulia kabla halijafika upande ule.

Jambo la tatu lilikuwa letu sisi wa chumba cha upasuaji. Kazi ile hatukuwahi kuifanya kwetu. Mgonjwa huanza kulala ubavu, msuli ukatolewa mgongoni, kisha katikati ya kazi anageuzwa chali bila kukivuta kikonyo cha msuli, chenye mishipa yake ya damu, kinachopita kwapani, na bila kuchafua vyombo. Nilisoma kila nilichokipata. Nilichora hatua ishirini na mbili ukutani. Halafu nikasema tufanye mazoezi na mtu mzima hai. Mtaalamu wetu wa dawa za usingizi, mwanamume wa kilo mia na zaidi, akajitolea kulala. Tulimgeuza mara nne kwa mito na mashuka, tukihesabu kwa sauti. Mara ya nne hakuna kilichoteleza, na yeye alikuwa anakoroma. Nikawaambia wenzangu kwamba sasa tunaweza kumwamini na dawa zake.

Siku yenyewe, upasuaji ulichukua saa tano. Kugeuza kulikwenda kama tulivyohesabu. Msuli ukapita chini ya kwapa kama tunda linalohamishwa bila kukatwa kikonyo, ukatandazwa kifuani. Boksi la kifuko nililifungua mwisho kabisa. Mbele kikaachwa kipande cha ngozi ya mgongoni, umbo la jani. Kipande hicho ndicho dirisha letu. Kwa kukitazama unajua msuli ulio chini yake unapumua au unakufa. Kibonyeze kwa kidole, kitapauka. Kiachie, na rangi irudi unapohesabu mbili, tatu. Ikichelewa, damu haiingii. Ikirudi upesi kupita kiasi na ngozi ikawa ya zambarau, damu inaingia na haitoki. Yote mawili yanaua.

Siku ya kwanza, kila saa, niliandika: rangi nzuri. Siku ya pili, saa tisa alasiri, niliandika hivyohivyo. Saa kumi wageni wakaruhusiwa. Saa kumi na nusu nilipita na karatasi yangu, nikakuta dirisha limekuwa la zambarau.

Nilibonyeza. Rangi ilirudi kabla hata sijahesabu moja.

Bi Salha alikuwa ananitazama usoni. Mgonjwa husoma uso wa muuguzi haraka kuliko sisi tunavyosoma vipimo. “Sema,” akaniambia.

“Rangi siipendi. Tunamwita daktari.”

Muuguzi wa zamu akakimbilia simu, na alifanya sawa. Simu ipigwe kwanza, ufahari baadaye. Wakati simu inaita, mimi nilifuata njia ya damu kwa mikono: kutoka kifuani, kwenda juu, mpaka kwapani. Nilifunua shuka. Bi Salha hakuwa na gauni la hospitali. Alikuwa amefungwa kanga kifuani, imekunjwa mara mbili na kukazwa, na fundo lake limeshindiliwa chini kabisa ya kwapa la kushoto. Pale pale kikonyo kinapopita.

“Nani kafunga hii?”

“Mimi,” alisema Shangazi Mwanakombo, amesimama miguuni pa kitanda. “Shemeji zake walikuja kumwona. Nimemsitiri.”

Nililifungua fundo, nikaitoa kanga, nikauweka mkono wa Bi Salha juu ya mto, mbali na ubavu. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Nilitazama saa ya ukutani na dirisha, dirisha na saa. Dakika ya tatu hapakuwa na tofauti. Bi Salha alifumba macho, midomo ikimcheza kwa dua. Dakika ya sita nilidhani ukingo wa chini umefifia, ila sikujiamini. Macho yenye hamu huona yanachotaka. Dakika ya tisa zambarau ilikuwa imerudi nyuma hadi nusu. Nikabonyeza. Moja. Mbili. Rangi ikarudi.

Daktari Nuhu aliingia wodini mkono wake wa kulia bado unanukia samaki. Alikuwa mezani anakula simu ilipompata. Alinawa, akabonyeza, akahesabu, akabonyeza tena. Akanitazama.

“Ulifanya nini?”

“Nimefungua kanga.”

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada. “Saa moja zaidi,” akasema, na hakumaliza sentensi. Kisha akachukua kalamu ya kuchorea wagonjwa na kuandika kwa herufi kubwa kwenye kadibodi juu ya kitanda: HAKUNA KUFUNGA KITU KIFUANI.

Shangazi alisoma. Machozi yalikuwa yanamlenga, ila sauti haikutetereka. “Basi nifundisheni namna ya kumsitiri. Hamuwezi kuniambia nisifanye, mkanyamaza hapo.”

Alikuwa na haki, na nilikuwa nimeshachoka kuwa mtu wa kukataza tu. Nikamwonyesha namna ya kumfunika kwa mtandio mwepesi uliolegezwa juu ya mabega, usiogusa kwapa. Alijifunza mara moja. Tangu saa ile alikaa mlinzi. Alimzuia mtu wa kupima joto, akamzuia mwanafunzi wa udaktari, na siku ya nne alimuuliza Daktari Nuhu mwenyewe kama mikono yake imenawa. Daktari akarudi kunawa.

Msuli ulipona wote. Hapakufa hata ukingo.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji Bi Salha alisimama mbele ya Daktari Nuhu kwa mara ya mwisho. Daktari akatoa futi kamba. Akapima kutoka shimo la koo kwenda kulia, akapima kwenda kushoto, akarudia, maana hakujiamini. Tofauti ilikuwa nusu sentimita.

“Hata niliyoumbiwa hayakuwa sawa hivi,” Bi Salha akasema. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, bila kuombwa, akaiacha huko. Analala ubavu autakao. Udi anauza bado, na chetezo anakiweka sakafuni, anasimama mbali kama mtu anayeota jua.

Daktari aliandika kwenye faili: hana haja ya kurudi. Akaligeuza ili alisome mwenyewe. Bi Salha alisoma, akavaa, akasalimu, akatoka. Nilipotoka nyuma yake nikamkuta hajaenda. Amekaa kwenye benchi la kliniki, karibu na mwanamke mwembamba kutoka Moa aliyepangiwa kuwekewa kifuko wiki ile. Mwanamke yule alikuwa ameshika ile karatasi mpya, yenye mambo kumi na moja, anaitazama kama mtu anayetazama hukumu.

“Iweke chini kwanza hiyo,” Bi Salha alimwambia. “Wewe nyumbani unafanya kazi gani?”

“Nabanika samaki,” yule akasema. “Nainamia moto toka asubuhi mpaka adhuhuri.”

Bi Salha akainua macho, akanitafuta. Samaki hawakuwemo kwenye orodha yetu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yao, nikaandika la kumi na mbili.